Picha za Desemba za Shemasi Pyo Byeong-hwan

Tunayemsindikiza leo, Shemasi Pyo Byeong-hwan, alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Yeongju, mtoto wa tatu wa mshona viatu. Vita vya Korea vya mwaka 1950 vilimkatizia shule, akamaliza sekondari akiwa na miaka ishirini. Jeshini alipangiwa kusafisha filamu, kazi ambayo mwenyewe alisema aliipata kwa kutojua kulenga shabaha.

Mwaka 1966 alifungua studio nyuma ya soko la nafaka. Alikuwa mkali. Mteja akitabasamu mapema aliambiwa, "Subiri, sijakuruhusu." Tarehe 12 Oktoba 1968 alimwoa Ok Sun-rye, mwimbaji wa kwaya ya kanisa hili. Walijaliwa binti mmoja, ndiye anayesoma haya.

Mama alifariki ghafla tarehe 22 Desemba 1991, mshipa ulipompasuka kichwani. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Msibani lazima picha ya marehemu isimame mbele, kati ya maua meupe. Nyumba nzima ilipekuliwa, ya kwake peke yake haikuonekana. Ikabidi akatwe kwenye picha ya kwaya ya Krismasi, na bega la mwenzake likabaki pembeni. Watu walinong'ona, "Mpiga picha mzima, mkewe hana picha!" Binti yake hakunong'ona, alimwambia usoni. Tangu hapo, kila Desemba Baba alifunga studio, na kanisani hakukanyaga mpaka mwaka mpya.

Tarehe 21 Desemba 1999, Bibi Maeng Bun-nam, mwenye miaka themanini na moja, aligonga mlango wake.

"Fungua, Shemasi! Najua umo, viatu vyako hivi hapa."

"Bibi, Krismasi sipigi picha."

"Ala! Kwa hiyo nami nikifa wanikate kwenye kwaya?"

Alifungua. Siku ya Krismasi alimpelekea picha yake hapa kanisani, na Bibi akainyanyua juu: "Tazameni! Msiba wangu uko tayari, bado mimi tu!" Watu walicheka hadi mchungaji akaketi. Wazee kumi na mmoja walijiandikisha siku hiyohiyo.

Kwa Desemba kumi na saba aliwapiga wazee wa mji huu picha zao za msiba, bila malipo. Alipoulizwa sababu alijibu, "Krismasi Mungu mwenyewe alikubali kuwa na uso. Mimi ni nani nipuuze uso wa mtu?"

Kansa ya ini iligunduliwa Septemba 2015. Desemba hiyo alipiga picha nne tu, akiwa ameketi. Tarehe 24 alimwita binti yake kitini.

"Baba, mimi nina miaka arobaini na tano. Bado sana."

"Mama yako naye alikuwa bado. Keti."

Binti aliketi, akalia. Baba alingoja mpaka alipomaliza, ndipo akabonyeza. Hasira ya miaka ishirini na nne iliishia pale.

Alifariki tarehe 9 Februari 2016, saa tatu asubuhi, nyumbani. Ameacha dada mmoja, binti, mkwe wake Tak Jin-ho, na wajukuu wawili. Ameacha pia kabatini picha thelathini na moja za wazee ambao wengi wao wamo humu ndani. Familia inawaomba wasiwe na haraka ya kuzihitaji.

Bwana ampokee, ampe pumziko jema.