Alama ya Chaki

Probox ya abiria ilipotoka Suneka, Syprose, muuza samaki, alimgeukia jirani yake wa kiti, mwenye fulana ya wahudumu wa afya. "Ni wewe uliandika chaki kwa mlango wa wale Warundi wauza njugu?"

"Ndiyo, mama," Emily akajibu. "Nilibisha, pakawa kimya. Tunaweka alama ili turudi na dawa ya kipindupindu."

"Walikuwa ndani! Hawana kitambulisho, wakadhani umewaandikia polisi. Wamehama na mtoto anaharisha. Kwani uliita hodi?"

Emily aliinama. "Nilibisha tu. Nilikuwa na haraka."

"Basi. Anayebisha bila hodi ni polisi."

Nyuma yao Gesare, mama wa wanne, alijifanya anatazama migomba. Mtoto anayeharisha hangoji watu wazima waelewane, aliwaza, lakini nani alimuuliza?

"Wako wapi, mama? Nitawapelekea dawa, na hodi nitaita."

"Na hiyo fomu inayotaka namba ya kitambulisho, utakuja nayo?"

Emily akaitazama fomu mapajani. Gari likasimama Daraja Mbili. Syprose alishuka na beseni lake, akaushikilia mlango, akingoja jibu.

"Mama, funga mlango twende," dereva akasema.