Nani Atasikia Hotuba ya Brynn

Kwenye basi la mji wa Woodburn, Marekani, kiti cha mbele yangu, Brynn, binti mwenye joho la mahafali, alikuwa akimsomea mama asiyemjua hotuba yake ya Kihispania.

"Mwanangu, unaongea Kihispania kama bibi yangu! Wazazi wako watalia leo."

"Hawaelewi hata neno, mama. Miaka kumi na mitatu wananipigia makofi tu. Yareli, niliyepangwa naye tangu chekechea ili tufundishane, mimi Kiingereza, yeye Kihispania, alihama. Sina wa kunisikia. Njoo wewe."

"Na aproni hii ya kazi?"

"Hivyo hivyo."

"Zamu yangu inaanza saa kumi, binti. Bosi wangu hana mchezo."

Nikajifanya nasoma simu. Upweke wa mtu hautazamwi usoni.

Basi likasimama shuleni. Brynn akashuka, akageuka. Mama alikuwa ameinuka kitini, ameshika bomba la basi, na dereva akamuuliza kama anashuka.