Mama Ndege wa Chumba cha Mashuka

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa kusimama juani, familia imenipa mimi mdogo wake mzigo wa kuwasomea safari ya dada yetu, nanyi mtanivumilia sauti ikikwama.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi seremala na mkewe, katika chumba kilichopakana na karakana, akakulia kwenye maranda na harufu ya gundi, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, akasomea ushonaji, na tarehe 3 Mei 1982 akaajiriwa katika chumba cha kushonea mashuka ya hospitali, alikotumikia hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 8 Novemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa basi, mtu wa maneno mengi na mizaha, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyeketi hapa mbele, na kitinda mimba wao wa kiume, ambaye homa ilimchukua tarehe 19 Agosti 1999, akiwa na miaka minane tu.

Baada ya mazishi yale dada alinyamaza, akawa mtu wa kukaa jikoni macho dirishani, chai mbele yake ikipoa hadi inafanya utando, shemeji akamaliza porojo zake zote zisifue dafu, mpaka asubuhi moja dada akainua kidole na kuuliza, "Yule ndege kwenye waya anaitwaje?" Shemeji, ambaye kwake ndege wote walikuwa kuku waliotoroka, alitoka mbio na ndala moja mguuni, akauliza mtaa mzima, akarudi anahema na jibu, "Ni shore!" na ndipo mkewe akalia kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo aliandika kila kiumbe kilichomkatizia njia, mjusi wa ukutani, kinyonga wa kwenye ua, popo wa darini mwa wodi, siku, mahali na kilichokuwa kikifanya, akawapelekea orodha hiyo kila mwezi watu wa makumbusho wanaohesabu wanyama, majirani wakambandika jina la Mama Ndege, wakimtania, "Leo umemwandika nani?" naye akiwajibu, "Nimekuandika wewe, mnyama anayepiga mluzi bafuni."

Tarehe 5 Februari 2022 kiharusi kilimlaza, mkono wa kulia ukafa ganzi, macho nayo yakafifia, shemeji akawa ndiye macho yake na mkono wake, akisimama dirishani na kumwandikia huku akimsomea kwa sauti, "Ndege mdogo, rangi ya udongo, ana hasira," naye dada akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, shemeji alikuwa akimsimulia habari za chiriku aliyebeba unyasi kwenda chini ya paa, akamsimulia hadi mwisho, na alipogeuka kungoja jibu, dada alikuwa ameshatutoka.

Jana, nyumba ikiwa imejaa watu, shemeji aliona kitu kikiruka uani, akaita kwa sauti kuelekea chumbani, "Mama watoto, huyu wa leo humjui!" sote tukasikia, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotubeba siku zote hizi, na wenzake wa chumba cha mashuka, waliokesha wakishona kitambaa cheupe alicholazwa juu yake.

Dada, umetazama vya kutosha, fumba macho sasa, upumzike kwa amani.