Nukta na Ngoma za Shemeji Yake

Ndugu, jamaa, majirani, wachapaji wenzake, na ninyi wanamuziki mliofika kabla hata viti havijapangwa, poleni na safari na poleni na msiba. Familia imenituma mimi, dada yake anayemfuata, niwasomee maisha ya kaka yetu, na nimeonywa nisiongeze chumvi, jambo ambalo nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Nukta kuliko lile lililoandikwa kwenye cheti chake, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1956, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, na mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu tangu akiwa mdogo alikuwa hawezi kupita penye kitu kilichopinda bila kukinyoosha, viatu vya wageni mlangoni, vijiko, hata pazia la jirani.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kuimaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari mpaka mwaka 1974, na huko ndiko alikoazima gitaa la mwalimu wa sayansi, gitaa lililokuwa na nyuzi nne badala ya sita, akajifunza mwenyewe kwa kusikiliza redio, na hakulirudisha mpaka mwalimu alipohamishwa, na hata hapo, tuseme ukweli, ni mwalimu aliyekata tamaa.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji akiwa mpanga herufi, enzi zile za herufi za madini ya risasi zilizopangwa moja moja kwa mkono, na jina la Nukta alilipata mwaka wake wa pili kazini, aliposimamisha mtambo mzima, na wafanyakazi kumi na mmoja wakiwa wamesimama na mikono yao yenye wino, kwa sababu kadi za harusi ya mtu zilikosa nukta mwishoni mwa sentensi. Alifanya kazi pale kwa miaka thelathini na sita, na mwaka 1994 kiwanda kilipoleta kompyuta na wenzake wengi wakaaga, yeye alibaki, akaanza kujifunza kubonyeza kwa vidole viwili, kisha vinne, na hakuwahi kufika vitano.

Mwaka 1978 alijiunga na bendi ya wafanyakazi wa kiwanda akiwa mpiga gitaa, na huko ndiko alikokutana na mwendesha mashine ya kukatia karatasi, mpiga dramu wa bendi, ambaye yuko hapa mstari wa mbele na sisi sote tunamwita Kishindo. Watu hawa wawili walishibana mpaka ikawa kero, na kwa kuwa kaka yetu alikuwa haishi kwenda nyumbani kwa rafiki yake, haikuchukua muda akagundua kwamba rafiki ana mdogo wake wa kike, na Kishindo, aliyekuwa wa mwisho kujua, akajikuta ameitwa shemeji. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kwanza binti, fundi cherehani, aliyezaliwa mwaka 1983, wa pili dereva wa winchi, mwaka 1986, na wa mwisho muuguzi, mwaka 1990, na wajukuu watano ambao leo wamekaa kimya kuliko siku zote nilizowaona.

Bendi ilivunjika mwaka 1997, ukumbi ulipofungwa na mwimbaji akahamia mbali, ikiacha nyimbo thelathini na moja ambazo hazikuwa zimeandikwa popote, isipokuwa kwenye kanda chache za mazoezi zilizokuwa zikikwaruza, na kwenye vichwa vya watu waliokuwa wanazeeka. Jambo hili lilimkera kaka yetu kupita kiasi, mtu aliyezoea kuona kila neno limechapwa, na kero ikawa hofu mwaka 2009, mikono ya Kishindo ilipokaza kwa ugonjwa wa viungo, akawa hawezi tena kushika fimbo za dramu, maana ngoma zile hakuna mwingine aliyezijua, na Kishindo mwenyewe hakuwahi kujua kusoma nota hata moja.

Basi alipostaafu, tarehe 31 Agosti 2011, hakufuga kuku kama tulivyomshauri, bali alikaa kwenye meza ya chakula na kompyuta ndogo iliyowekwa programu ya kuandikia muziki, na wifi yangu akahamishia chakula sebuleni kwa miaka kumi na mitatu. Siku ya kwanza aliyoandika ngoma, zilitoka kwa sauti ya kinanda, kwa kuwa alisahau kuieleza programu kwamba mstari ule ni wa dramu, na wifi akatoka jikoni kuuliza ni paka wa nani amepanda juu ya kinanda.

Gitaa ndilo aliloanza nalo, kwa maandishi yale ya mistari sita, kila mstari ukiwa uzi mmoja, na namba juu yake ikionyesha kidole kibane wapi kwenye shingo ya gitaa, na hapo kaka yetu alifanya kosa ambalo lazima nilisome, kwa sababu aliahidi kunisomea yangu nikitangulia. Mpiga gitaa akiinama kutazama gitaa lake mwenyewe huona uzi mnene ndio uko juu, karibu na kidevu, lakini waandishi wa gitaa huuweka uzi mwembamba juu na mnene chini, naye akaipanga programu kwa jinsi macho yake yalivyoona, na kwa kuwa kompyuta ilishaambiwa hivyo tangu mwanzo, ikampigia kila kitu sawasawa bila kulalamika. Alimaliza nyimbo kumi na tisa, akazichapa kwa karatasi nzuri, akazigawa, mpaka siku mwalimu mmoja wa muziki alipokuja mlangoni na gitaa mgongoni, akauliza kwa adabu zote kama bendi yao ilikuwa inapiga huku imesimama kwa kichwa. Akaanza kuzigeuza namba moja moja, na alikuwa kwenye wimbo wa kumi na sita alipogundua kwamba kuna kitufe kimoja kinachogeuza mistari yote kwa mpigo, habari ambayo alimwambia mke wake peke yake, na mke wake akatuambia sisi wote.

Lakini kilichomuumiza si gitaa. Mwezi Aprili 2015 alimwalika Kishindo nyumbani, akamketisha, akampigia wimbo wa kwanza ambao ngoma zake alikuwa amezikamilisha, kila pigo mahali pake, ngoma ya mguu chini, ngoma ndogo katikati, matoazi juu yakiwa na alama zake za msalaba, safi kama ukurasa wa kitabu, akingoja kusifiwa. Kishindo alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Shemeji, huyo si mimi. Hiyo ni saa ya ukutani." Kisha akaondoka chai ikiwa nusu, na tangu siku hiyo, kwa miaka tisa, walisalimiana, walizikana jamaa, walisindikizana hospitali, lakini Kishindo hakukubali kusikiliza tena.

Kaka yetu alichukia, akasema shemeji hajui kitu, akasema hivyo kwa wiki nzima kwa yeyote aliyepita, halafu akatoa zile kanda, akaanza kuzisikiliza polepole, kipande kwa kipande, na akakiri kwamba shemeji alisema kweli. Programu ilikuwa imenyoosha kila pigo, na Kishindo hakuwahi kunyooka maishani mwake, mguu wake ulifika kwa wakati lakini mkono wake wa kushoto ulichelewa kidogo sana, kwa makusudi au kwa uvivu hatujui, na ndipo utamu ulipokuwa. Akaanza upya, akazipitia ngoma za nyimbo zote thelathini na moja, akisogeza pigo moja moja ndani ya kompyuta mpaka lichelewe linavyopaswa, na kwenye karatasi, kwa kuwa nota haziwezi kubeba yote, akaandika juu ya mstari kwa maneno, mkono wa kushoto usiharakishe. Alitaka jambo moja tu, nalo alituambia wazi bila aibu, kwamba shemeji yake asikilize akiwa hai, naye mwenyewe akiwa hai, akubali kwamba huyo ni yeye.

Mwezi Oktoba 2021 figo zake zilianza kushindwa, na kuanzia Februari 2022 akawa anasafishwa damu kila Jumatatu na Alhamisi katika hospitali kuu, kwa muda wa saa nne kila mara, mkono mmoja ukiwa umefungwa kwenye mashine na wa pili ukiandika ngoma, kompyuta ikiwa juu ya mto, na wauguzi wakajifunza kusogeza waya wa chaja kabla hawajasogeza wa dripu. Alipungua mwili, alipungua sauti, akawa anachagua cha kufanya kwa kuwa nguvu hazikutosha vyote, na alichokichagua kila mara kilikuwa kilekile.

Jumatatu, tarehe 20 Mei 2024, wifi yangu, ambaye ni mpole mpaka pale anapoacha kuwa mpole, alikwenda kwa kaka yake, akamwambia kwamba akikataa na leo, asije akakanyaga mlangoni kwake kulia. Kishindo akaja wodini, akavalishwa vifaa vya masikioni na muuguzi kwa sababu vidole vyake havikunjiki, na akapigiwa wimbo wa thelathini na moja, ule ulionakiliwa kutoka kanda ya mazoezi ya mwaka 1988. Nilikuwepo, nilimwona amekaa kama aliyekuja kutoa ushahidi, halafu nikaona mguu wake wa kulia umeanza kupiga sakafu, na baada ya ubeti wa pili akanyanyua uso ghafla, akasema, "Hapa fimbo ilinidondoka."

Ilikuwa kweli, siku ile ya mazoezi fimbo ilimponyoka, akaendelea na mguu peke yake kwa mapigo matatu mpaka alipookota nyingine, na kaka yetu alikuwa ameandika hivyohivyo, mapigo matatu ya mguu, juu hakuna kitu. Kaka yetu akamjibu kwa sauti ndogo, "Ingekuwa ngoma ya mtu mwingine, ningeinyoosha." Kishindo alivua vile vifaa kwa viganja viwili, akasema, "Basi ni mimi," na wazee wale wawili wakalia mbele yetu, nasi tukalia, na mashine ya damu ikaendelea na kazi yake.

Hali yake ilibadilika usiku wa kuamkia Alhamisi, na tarehe hiyo 6 Juni 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kaka yetu alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, mke wake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomhudumia kwa miaka miwili na kuvumilia kelele za ngoma wodini, inawashukuru majirani kwa viti, maji na kulala nasi, inawashukuru wachapaji wenzake wa zamani waliochapa kipeperushi mlichoshika na kukikagua mara nne kwa kumwogopa mwenyewe.

Mwisho tunamshukuru Kishindo, na hapa mtaniwia radhi. Juzi binti mkubwa wa marehemu alifungua ule wimbo wa thelathini na moja ili auchape, akakuta mstari wa ngoma umejaa tangu mwanzo mpaka mwisho, na mistari sita ya gitaa iliyo juu yake ni mitupu, hakuna hata namba moja, kwa kuwa baba yake aliziweka kwanza ngoma za shemeji yake, na gitaa lake mwenyewe hakulifikia, wala kanda haikulinasa vizuri. Tulidhani limekwenda naye. Kumbe Kishindo, aliyekaa nyuma ya gitaa lile kwa miaka kumi na tisa, analijua lote, na tangu jana ameketi na binti huyo kwenye ile meza ya chakula, akimwimbia kwa mdomo uzi baada ya uzi, naye anaandika, na kila wanapomaliza kipande kidogo Kishindo anataka kirudiwe mara mbili, asikilize amefumba macho, ahakikishe hawajamwandika mtu mwingine.

Kapumzike kwa amani, kaka yetu.