Kovu la Kisu na Gauni la Bluu

Wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliotoka mbali, kaka yangu Gaston ameniomba nisome maisha ya mkewe.

Philomène Jalta alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa kisiwani kwetu, Lorrain, mtoto wa tatu wa mkata miwa, akasoma hapa hapa hadi mwaka 1972, na tarehe 6 Septemba 1976 akaanza kazi katika banda la kufungasha ndizi, ambako mwaka 1983 kisu cha kukatia vichana kilimchana mkono wa kushoto, akafunga kitambaa na kumalizia zamu yake. Aliolewa na Gaston Rosamond tarehe 25 Aprili 1981, amevaa gauni la bluu, kwa kuwa jeupe alisema ni la kuchafuka tu, wakajaliwa binti mmoja, Solange, aliyezaliwa mwaka 1984.

Juni 2011 tumbo lilianza kumuuma na kujaa, akakonda, picha zikaonyesha vivimbe kwenye ini, wengu na tezi za tumboni, na sisi, tuliokwisha kuzika wenzake wawili wa bandani na kuilaumu dawa ya kuulia wadudu wa migomba, hatukuuliza mara mbili, tukasema ni saratani, naye alipotakiwa kutolewa kipande cha ini kwa sindano akakataa katakata, akasema, "Ukiichokoza inaamka, niacheni nife na tumbo langu zima." Miezi kumi na minne aliishi akiaga, akagawa vyombo, akagawa nguo, na lile gauni la bluu akampa jirani yake, Mama Titine, huku Gaston akijifanya anapalilia viazi vikuu ili apate pa kulilia.

Tarehe 20 Agosti 2012 daktari Lucette Barbotin, akimpima presha tu, aliona lile kovu la kisu limevimba na kuwa jekundu upya, akamuuliza, "Mama, na hili limeamka lini?" akaomba kipande cha kovu, si cha tumbo, Philomène akakubali, na baada ya vipimo kuondoa shaka ya kifua kikuu na ya saratani, jibu likawa sarkoidosi, ugonjwa ambao kinga ya mwili yenyewe hujenga vivimbe, kwake ngozini na tumboni. Kwa vidonge tumbo lilinywea, akarudi kucheza dansi, ila ini lilikwisha kuharibika katika miezi ile tuliyojifanya tunajua, na hilo linaniuma hadi leo.

Vyombo alivifuata nyumba kwa nyumba bila aibu, lakini gauni hakulidai, akasema, "Mwacheni, linamkaa kuliko mimi," na kaka yangu miaka kumi na miwili akawa anautazama mgongo wa Mama Titine ndani ya gauni lile kanisani, nanyi wambea mkasema mliyoyasema.

Tarehe 3 Novemba 2024 alitapika damu, akafariki asubuhi ya tarehe 5, mikononi mwa Solange.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa bandani, na Mama Titine, aliyelileta gauni jana limepigwa pasi ili Philomène azikwe nalo, Gaston akalipokea, akalinusa, akamrudishia, akamwomba alivae leo na atangulie mbele yake hadi makaburini, kwa sababu anatamani kuliona likitembea tena.

Filo wetu, pumzika sasa, amani iwe nawe.