Wanawake Wenye Kugeuza Mugongo

Mungekuwa na huruma, hii karatasi mungemupa mwengine, maana koko mwanamuke wa miaka makumi munane kusoma historia ya mujukuu wake kwenye mazishi yake ni kazi ya kinyume, na masomo yangu yaliishia ya tatu primaire, lakini tangu juzi upande wa baba unasema aitwe Jafari, upande wetu unasema Édouard, basi wakanitupia mimi kwa sababu ninaogopwa pande zote mbili.

Marehemu Jafari Édouard alizaliwa Isangi, tarehe 11 mwezi wa tatu 1984, mutoto wa pekee wa Rashidi, fundi wa kushona, mwislamu wa hapa Kisangani, anayekaa hapa mbele yenu, na wa binti yangu Marthe, mukristo, muuza samaki. Shule alianza Kabondo, hapa hapa Kisangani, mwaka 1990, na kila alhamisi alikwenda kwa babu yake, muzee Mahmoudi, aliyefundisha watoto Korani kwa ubao na wino wa masizi, hapo ndipo mukono wake ulijifunza kuvuta mustari bila kutetemeka. Vakansi, shule ikifungwa, alikuja kwangu Isangi, akishinda kwenye pirogi mutoni akitazama wajomba wakisuka mitego ya samaki, akiiba ngola yangu nyekundu ya kujipaka. Tazameni michoro yake yote, ni mitego ya kwetu kwa mustari wa muzee Mahmoudi, hakuna professeur aliyemufundisha ile.

Marthe alitutoka tarehe 2 mwezi wa nane 1994, na photo yake moja tu tuliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha kuharibika zamani, pirogi ilipopinduka nayo. Miaka miwili baada ya kifo chake, mutoto alichora uso wa mama yake kwenye mufuko wa unga, kwa masizi na ngola, akauanika nyuma ya jikoni. Mimi nilikuwa na samaki kwenye moshi, mvua inakuja, nikanyakua mufuko wa kwanza, nikafunika, sikutazama. Jioni aliukuta umekuwa mafuta na moshi tupu, hakulia, akauliza tu:

"Koko, hukumuona?"

Nikamujibu mufuko ni mufuko.

Kuanzia mwaka 2001, maduka yalipofunguka tena baada ya vita ya siku sita ya hapa Kisangani, alichora vibao vya salon na vya famasi, akamuoa Aïcha tarehe 9 mwezi wa saba 2011, wakazaa Fatouma na Dady. Mwaka 2014 kazi zake zilionyeshwa Kinshasa, wanawake wa soko, wanawake wa muto, wote wamegeuza mugongo, hata mumoja hana uso, na wenye elimu wakaandika ati ni dini ya baba inakataza kuchora uso. Muzee Mahmoudi alijivuna hadi kufa kwake, na mimi nikanyamaza. Bon, leo mujue, haikuwa dini, ilikuwa samaki yangu.

Ugonjwa wa figo ulimushika mwezi wa kwanza 2024, akafariki tarehe 6 mwezi wa tano, saa nne ya asubuhi, nyumbani kwake Kabondo. Tunashukuru waganga wa hospitali na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotupikia, na wachoraji wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao yenye rangi.

Kumebaki deni langu. Mwezi wa pili nilimupelekea jogoo na pagne ya kitenge, namna kwetu mukosaji analipa, akacheka hadi akakohoa, akasema:

"Jogoo utamukula wewe, koko. Kaa pale, funga kinywa."

Kwa sababu Marthe alikuwa na paji langu na taya yangu. Asubuhi nane nilikaa kwenye kiti, mimi ninayeongea hata padri akiongea, bila neno, naye akiondoa uzee juu ya uso wangu kidogo kidogo, mpaka siku ya nane akaugeuza ubao aliochoria, nikamuona binti yangu. Ndiye huyu kando ya sanduku la marehemu, anayewatazama.

Lala vizuri, Jafari, lala, Édouard, koko wako anafunga kinywa tena.