Sauti ya Besi Kutoka Benchi la Nyuma: Maisha ya Sangwa Mucyo, 1992–2025

Sangwa Mucyo, ambaye tumemleta makaburi ya Rusororo leo Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, alizaliwa tarehe 19 Februari 1992 katika hospitali ya Nyakahanga, wilayani Karagwe, Tanzania. Alikuwa mtoto wa pili wa Bwana Zephaniah Nsabimana na Bibi Harriet Mukamana. Maneno haya yanasomwa na shangazi yake, dada wa baba yake. Yanasomwa kwa Kiswahili kwa sababu ndugu wa Karagwe wamefika, na kwa sababu ndiyo lugha aliyoanza nayo. Hata alipokuwa mtu mzima, akikasirika alikasirika kwa Kiswahili.

Familia ilirudi Rwanda mwaka 1996 na kuanza maisha hapa Kigali, mtaa wa Kagarama, katika nyumba ambayo wengi wenu mmekaa ukumbini mwake tangu Jumatano. Mama yake alikuja na mashina ya mchaichai yamefungwa kwenye gunia bichi, akayapanda kando ya uzio. Mchaichai ule bado upo. Mama huukata, huukausha juani na kuuweka kwenye kopo la bati jikoni kwa ajili ya chai. Msikilizaji aliweke jambo hili akilini.

Sangwa alisoma shule ya msingi Kagarama kuanzia 1999 hadi 2004, kisha sekondari ya bweni Rwamagana hadi mwaka 2010. Hatutasema alikuwa wa kwanza darasani. Hakuwa. Walimu waliandika kwamba ana akili lakini anauliza maswali yasiyo ya somo. Mwaka 2014 alimaliza diploma ya elektroniki hapa Kigali. Katika likizo ya mwaka 2008, sauti yake ilipokwisha kuvunjika, aliingia kwaya ya kanisa letu la mtaa akapewa besi. Alikaa katika besi miaka kumi na minne bila kukosa mazoezi, isipokuwa alipokuwa bwenini au alipokuwa na malaria.

Kazi yake ilikuwa kupiga video. Pamoja na rafiki yake Hirwa alikodi chumba kidogo karibu na njia panda ya Sonatubes, wakapiga harusi, mahafali na mazishi. Wapo hapa watu ambao harusi zao zilipigwa na marehemu. Alikuwa na desturi ya kumpiga bibi harusi kidogo na kuwapiga sana wazee waliolala kwenye viti. Wateja walilalamika, kisha baada ya mwaka walirudi kuomba vipande hivyo hivyo, kwa sababu baadhi ya wazee walikuwa wameondoka.

Sasa tunafika kwenye filamu, ambayo baadhi yenu mlidhani tutairuka.

Mwezi Julai na Agosti 2022, Sangwa na wenzake walitengeneza filamu yao wenyewe, bila kampuni wala mfadhili, kwa gari la Hirwa, Corolla ya zamani. Inaitwa Mpaka Rubavu. Inahusu vijana watatu wa wilaya yetu ya Kicukiro, wakaidi, wasiotaka kusikia la mtu. Wanatoroka nyumbani asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, wakati wenzao wanafyeka majani na kuzibua mifereji, wanakwenda kumtafuta mtu mmoja wa Rubavu anayesemekana kuuza bangi. Kwenye stendi ya Nyabugogo wanaambiwa yuko Musanze. Musanze wanaambiwa amehama. Rubavu hakuna anayemjua. Njiani mmoja wao anapewa msokoto na utingo wa lori, anauwasha, anavuta, anakohoa mpaka anakaa chini. Basi. Wanarudi Kigali na gunia la viazi walilonunua Musanze ili wapate la kuwaambia wazazi.

Kwa msimamo wa familia, filamu hii si ya watoto. Mtengenezaji aliambiwa hivyo usoni, na shangazi yake, kabla hajamaliza kuikata na kuiunga. Alijibu, "Shangazi, wewe umeona njia tu. Subiri uone wanavyorudi." Vijana mliopo hapa, bangi inaharibu, na hakuna filamu itakayobadilisha hilo. Sangwa angewaambia hivyo hivyo, ila angewafanya mcheke kwanza.

Kijana aliyepangwa kuvuta ule msokoto hakufika siku ya kupiga. Baba yake alisikia habari akamfungia ndani. Sangwa akampa Hirwa kamera, akaingia mwenyewe mbele yake. Jioni ile mama yake alifungua kopo la bati akakuta halina kitu.

"Sangwa, mchaichai wangu uko wapi?"

"Umeenda Rubavu, mama."

"Umeenda kufanya nini?"

"Kuigiza."

Mama alimnyima chai wiki nzima. Majirani wa Kagarama wanakumbuka, kwa sababu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akisema ana kiu.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Novemba 2022. Mwezi Januari 2023 wazee wa kanisa walimwita. Walikuwa wameona kwenye simu kile kipande kimoja, cha moshi. Baba yake, ambaye ni mmoja wa wazee, alitoka chumbani kama utaratibu unavyotaka mtoto wa mtu anapojadiliwa. Wakamwuliza Sangwa, "Moshi ule ulitoka wapi?"

Alijibu, "Ulitoka jikoni kwa mama."

Lilikuwa jibu la kweli. Lilichukuliwa kuwa dharau. Mama yake alikwenda siku iliyofuata na kopo mkononi kueleza kwamba msokoto ulikuwa wa mchaichai, akaambiwa kwa upole kwamba mama yeyote humtetea mwanawe. Sangwa akatengwa.

Kwa wageni wasiojua utaratibu wetu: aliyetengwa hurudisha sare ya kwaya na hukaa benchi la nyuma. Hashiriki meza ya Bwana. Harusi yake haifungwi kanisani. Akifa kabla hajasimama mbele ya ushirika na kutubu, mchungaji haongozi mazishi yake na kwaya haimwimbii. Ndiyo sababu leo hamwoni joho hapa. Familia haikuja makaburini kulishtaki kanisa. Utaratibu huu umewarudisha watu wengi waliopotea. Lakini utaratibu unaanza na ukweli, na ukweli wa jambo hili ulikuwa ndani ya kopo.

Sangwa aliifua sare yake, akaipiga pasi, akaipeleka. Kisha kila Jumapili alikwenda kanisani akakaa nyuma, na kwaya ilipoimba aliimba besi kutoka kule kule. Sauti ile haikuwa ya kufichika. Kiongozi wa kwaya, Ntare, alimfuata nje baada ya ibada.

"Sha, Sangwa, punguza. Wazee wanasikia."

"Mimi nimezuiwa kuimba mbele. Nyuma hakuna aliyenizuia."

"Unaniharibia besi."

"Besi yako iko na watu wawili, Ntare, na mmoja anasinzia."

Ntare anakiri kwamba tangu siku hiyo alianza kuipanga kwaya akiihesabu na sauti ya nyuma.

Marehemu alifunga ndoa ya serikali na Peace Gahongayire katika ofisi ya sekta ya Kagarama, siku ya Alhamisi tarehe 15 Juni 2023. Posa ilikuwa imekamilika na mahari ilikuwa imepokelewa. Harusi ya kanisani ilisubiri, na imebaki hivyo. Kumekuwa na minong'ono juu ya jinsi ya kumwandika Peace katika programu hii. Ameandikwa mke. Alimwosha, alimlisha, alimbeba. Neno lingine hatunalo.

Mwezi Aprili 2024 Sangwa alianza kuchoka na kutokwa damu puani. Vipimo vilionyesha saratani ya damu. Alitibiwa kwa miezi, akapata nafuu mwezi Agosti, akapiga harusi mbili akiwa amekaa kwenye kiti. Oktoba ugonjwa ulirudi. Mwezi Desemba maumivu ya mifupa yalizidi na daktari akaagiza mofini ya maji, dawa ya maumivu itokanayo na afyuni, ya kunywa. Sangwa alifunga mdomo. Hakuogopa dawa. Alisema watu wakisikia watapata la kusema. Siku hiyo yote aliumwa bila dawa, na wote tuliokuwa pale tulimwangalia. Mwishowe Peace alimimina kipimo, akakaa kitandani na kumshikia kichwa. Alikunywa. Baadaye maumivu yalipolegea alimgeukia mama yake.

"Mama, wazee wakija waambie sasa ni kweli."

"Nyamaza, ulale."

Alicheka kidogo, akalala.

Baba yake alikuwa hajaiona filamu. Baada ya Krismasi aliomba kuiona. Waliitazama kwenye simu, wawili, kitanda kimoja, toka mwanzo hadi mwisho. Ilipokwisha mzee aliishusha simu. Kisha aliuliza, "Gunia lile la viazi mlilipeleka wapi?"

"Ulikula, mzee. Mwezi mzima. Ulisema ni vitamu."

Mzee Zephaniah alikubali kwamba alisema hivyo.

Mwezi Januari wazee wawili walikuja hospitalini. Walikuja kwa nia njema. Tunalisema hilo kwa sababu nalo ni kweli. Walimwambia kwamba kwa mgonjwa hakuna haja ya kusimama mbele ya ushirika. Aseme tu hapo kitandani kwamba alivuta bangi na anatubu, nao watalipeleka neno, na kila kitu kitarudi: sare, meza, na yale mengine. Hawakuyataja yale mengine. Kila mtu chumbani aliyaelewa. Mama yake alikuwa akitaka kitu kimoja tu tangu daktari alipomwita pembeni, kwamba mwanawe azikwe na kwaya yake. Alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Sangwa alimwangalia yeye, si wazee.

"Mama, niseme?"

Mama alimfunika miguu kwa shuka. Akasema, "Mchaichai ulikuwa wangu. Usiseme."

Basi Sangwa akawaambia wazee, kwa sauti iliyokuwa imebaki, kwamba ana dhambi nyingi za kutubu na yuko tayari kuzitaja zote, lakini hiyo hana, na hawezi kumdanganya Mungu ili azikwe vizuri. Wazee waliomba, wakaondoka.

Sangwa Mucyo alifariki dunia Jumatano tarehe 5 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe na mama yake wakiwa kando yake. Hakusema neno la mwisho. Alikuwa amelala. Mama yake alikunja shuka, akaomba ndoo ya maji. Watu wanakuja, wanakaa, wanakwenda. Viti vinaongezwa, viti vinapunguzwa.

Marehemu ameacha mke, Peace Gahongayire, baba yake, Zephaniah Nsabimana, mama yake, Harriet Mukamana, dada yake mkubwa Liliane, na mdogo wake wa kiume, Gwiza, shangazi mmoja, rafiki na mshirika wake, Hirwa, ambaye leo anapiga video kwa sababu marehemu alimwagiza asimwachie mtu mwingine. Ameacha filamu moja. Ndugu wa Karagwe, wakwe zetu na majirani wa Kagarama mtusamehe kwa kutowataja mmoja mmoja. Baada ya hapa tutarudi nyumbani kunawa mikono kama ilivyo desturi. Chai ipo. Mama amesema iwe ya mchaichai, na wazee wa kanisa pia wamealikwa waje wainywe.

Sala ya kaburini itaongozwa na baba yake, kama baba. Kwaya haitaimba, kwa sababu utaratibu hauruhusu, na familia haijaomba uvunjwe. Lakini Ntare na wenzake wamekuja bila sare, kama watu wa kawaida. Wako kule nyuma, karibu na magari. Wametuma neno kwa mama kwamba wana wimbo mmoja, na kwamba hawatapita mbele.

Mama amejibu kwamba nyuma hakuna aliyewazuia.

Mwanetu Sangwa, hukusema uongo. Lala sasa, Mungu akupe amani yake.